Turubai, minyororo na kampuni kubwa: kuanza flatibedi Marekani

Hapa Columbus, Ohio, Waswahili wanaoendesha malori hawakosekani. Nenda msibani, harusini au kwenye sherehe ya mtoto aliyemaliza shule, kona moja ya ukumbi utakuta wanaume wamezungusha viti wanaongea maili, bei ya dizeli na disipacha, yule mpanga safari wa ofisini, asiyejua kusoma ramani. Wengi wao wanavuta boksi, yaani tela lililofunikwa pande zote, au rifa, lile lenye jokofu. Wa flatibedi, yaani tela la wazi, ni wa kutafuta kwa tochi. Na kijana akisema anataka kuanzia flatibedi, tena kwenye kampuni kubwa yenye malori kwa maelfu, kona nzima itamcheka. Mdogo wangu, utazeekea kwenye turubai. Mdogo wangu, wale watakukamua.

Mimi nilianzia hukohuko, na ushauri wangu ni tofauti na wa kona ile. Kama unaingia kwenye malori bila uzoefu wowote, na mwili wako bado unakubali shuruba, anza na flatibedi, na uanze na kampuni kubwa. Kukamuliwa kweli utakamuliwa, na nitaeleza vipi. Lakini kufunga mzigo ni ufundi, na ufundi huo jamaa yetu mwenye malori matatu hana uwanja wala muda wa kukufundisha. Kampuni kubwa inavyo vyote viwili, kwa sababu mzigo ukidondoka barabara kuu mawakili wanajua pa kwenda kudai.

Kwa asiyelijua: flatibedi ni tela wazi, sakafu tupu, urefu futi 48 au 53, upana futi nane na nusu, sakafu yake ikiwa kama futi tano kutoka ardhini. Hakuna ukuta wala paa. Linabeba vile visivyoingia kwenye boksi au vinavyopakiwa kwa kreni: koili za chuma (bati lililoviringishwa kama mkeka), nondo, mabomba, mbao, jipsamu, vigae vya kuezekea, mashine. Dereva wa boksi akishapakiwa anafunga mlango, anaweka sili, lakiri ya mlangoni, anaondoka. Wewe wa flatibedi ukishapakiwa ndiyo kwanza kazi inaanza.

Baba yangu mdogo alipiga njia ya Dar, Tunduma, Lubumbashi kwa miaka mingi, akienda na mbolea au saruji na kurudi na shaba. Nilipompigia kumwambia nimepata kazi ya lori alifurahi, akataka kujua kila kitu. Uzito gani? Nikamwambia ratili 80,000, gari na mzigo pamoja, kama tani 36. Akaguna. Kwetu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa lori la ekseli saba, na mzee amepanda mlima Kitonga na uzito huo. Kwake tani 36 ni gari la kufanyia mazoezi.

"Na tingo wako anaitwa nani?"

"Sina tingo, baba."

"Sasa turubai anafunga nani?"

"Mimi."

"Na minyororo?"

"Mimi, baba."

"Pole sana, mwanangu."

Mzee alikuwa ameshaielewa kazi yenyewe kuliko watu wengi wanaonitumia ujumbe kuuliza inalipa kiasi gani.

Tuanze na leseni, tuipite haraka. Unahitaji CDL, leseni ya kuendesha magari ya biashara, daraja A. Tangu tarehe 7 Februari 2022, kwa mtu anayeitafuta kwa mara ya kwanza, huwezi kwenda mtihani wa vitendo kabla hujamaliza mafunzo kwenye shule iliyoandikishwa na serikali ya shirikisho. Unafanya mtihani wa maandishi, unapewa leseni ya mwanafunzi, unakaa nayo angalau siku 14, kisha ndiyo unapimwa kukagua gari, kurudi rivasi na kuendesha barabarani. Kuvuka majimbo lazima uwe umefikisha miaka 21. Cheti cha daktari hakizidi miaka miwili. Halafu kuna kupimwa dawa za kulevya, na hapa vijana wa Ohio wasikilize vizuri: wapiga kura wa jimbo waliruhusu bangi mwaka 2023, lakini leseni yako iko chini ya sheria ya shirikisho, ambayo haina habari na kura hiyo. Tangu Januari 2020 kuna hifadhidata ya taifa, na ukishindwa kipimo, kila kampuni utakayoomba kazi italiona jina lako humo.

Kampuni kubwa nyingi zitakulipia shule au kukurudishia ada, kwa mkataba. Kwa kawaida unajifunga mwaka mmoja hivi, na ukiondoka mapema unadaiwa. Soma mkataba huo ukiwa umekaa, siyo ukiwa umesimama kwenye kaunta. Tazama deni linapungua kila mwezi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho. Tazama ukifukuzwa inakuwaje, maana kuacha kazi na kufukuzwa ni mambo mawili, na kuna mikataba inayoyachanganya makusudi.

Njia ya pili, ambayo ndiyo wengi wetu tunaipita, ni ya ndugu. Kuna Mkongomani, Mkenya au Mtanzania mwenye malori machache, anajua shida yako, anakuita kaka. Anakulipa kwa fomu ya 1099, maana yake machoni pa serikali wewe ni mkandarasi unayejitegemea: kodi zote mbili za hifadhi ya jamii, ya mwajiri na ya mfanyakazi, ni juu yako, na ukivunjika mguu hakuna bima ya ajali kazini. Asilimia ya malipo ya mzigo anayokutajia inanoga kuliko senti kwa maili za kampuni kubwa. Simsemi vibaya, wapo waungwana kabisa, na wengine wamewatoa watu kwenye maghala na kuwaweka mjini. Ila kwa flatibedi tatizo ni jingine. Bima za kampuni ndogo nyingi hazimtaki dereva asiye na miaka miwili ya uzoefu, na anayekupokea bila uzoefu huo mara nyingi atakupa tela, mafungu ya mikanda na kukuambia utajifunza mbele ya safari. Koili ya ratili 42,000 haifundishiki mbele ya safari.

Kwenye kampuni kubwa utaanza na wiki ya kukaribishwa. Watakulaza moteli, pengine chumba kimoja na mtu usiyemjua anayekoroma, na asubuhi basi dogo litawachukua. Kabla ya darasa kuna mtihani wa mwili: kupanda na kushuka tela, kubeba uzito hadi bega, kutambaa chini ya tela, kuvuta mtaimbo. Wanaangalia mapigo ya moyo. Nimeona majitu ya gym yakirudishwa nyumbani siku ya kwanza na mama mmoja wa Kigali, mwembamba, mwenye umri wa kuitwa shangazi, akipita bila kuhema. Yeye alikuwa anajua kupumua.

Kisha uwanja. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa na ghala lenye matela ndani, koili za kweli, mabunda ya mbao ya kweli, na wakufunzi ambao kazi yao ilikuwa kutazama mikono yako kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni. Ukifunga, wanakuambia fungua. Ukifunga tena, fungua. Ilichosha, na ndiyo elimu ambayo baadaye sikuiona ikitolewa kwa ukamilifu huo mahali pengine popote.

Msingi wake ni hesabu. Kila kifungio kina uwezo wake umeandikwa. Mkanda wa inchi nne, uwezo wake wa kazi ni ratili 5,400. Mnyororo wa inchi tatu kwa nane wa daraja la 70, ule wenye rangi ya dhahabu, ni ratili 6,600, yaani kilo 3,000 hivi. Sheria inataka uwezo wa vifungio vyako ukijumlishwa ufikie angalau nusu ya uzito wa mzigo. Halafu kuna urefu: kitu kinachozidi futi tano lakini hakizidi kumi, vifungio viwili, na kila futi kumi zinazoongezeka, au kipande chake, kimoja zaidi. Mtego upo kwenye namna mnyororo unavyopita. Ukitoka upande mmoja wa tela, ukapita juu ya mzigo na kushikwa upande wa pili, unahesabiwa wote. Ukitoka kushoto, ukazunguka mzigo na kurudi kushoto kulekule, unahesabiwa nusu. Mkaguzi wa barabarani analijua hilo usingizini, na atakuuliza umefikaje kwenye jumla yako.

Hiyo ni sheria. Kampuni kubwa inaongeza ya kwake: minyororo zaidi ya inayotakiwa, kinga ya kona kila mkanda unapogusa ukingo, picha ya kila upande inatumwa ofisini kabla ya kutoka getini. Madereva wazoefu wanayalalamikia haya sana. Mimi nayapenda, kwa sababu makosa ya kufunga mzigo yanaandikwa kwa jina lako wewe. Kuna rekodi ambayo mwajiri yeyote mtarajiwa anaweza kuivuta ukiridhia, inaonyesha ukaguzi wako wa miaka mitatu na ajali za miaka mitano. Unahama kampuni, rekodi inahama na wewe.

Sasa koili. Gary, Indiana, mji uliojengwa kuanzia 1906 kwa ajili ya kiwanda cha chuma kando ya Ziwa Michigan, ni mahali dereva wa flatibedi wa ukanda huu atafika tu, apende asipende. Unavaa helmeti, miwani, buti za chuma, mikono mirefu. Unaingia ndani ya jengo lenye giza la saa saba mchana, kreni juu, na chini mistari ya koili zimelala zikitoa joto. Sakafu ya tela lako umeshaitayarisha: mihimili miwili ya mbao ngumu, imekaa ndani ya vishikizo vya chuma, umbali wake umepimwa ili koili ikae katikati bila kugusa sakafu. Unasogea mbali. Mwenye kreni anaishusha taratibu, mpaka ghafla unaona springi za tela zinazama na matairi yanavimba ubavuni. Mzigo wako wote, tani 19, uko kwenye kitu kimoja kisichozidi kimo chako.

Tundu la koili linaelekea wapi ndiyo swali la kwanza. Likielekea juu, ni aina moja ya kufunga. Likielekea ubavuni mwa tela, koili ikiponyoka itabingirika mbele, kwenye kichwa cha lori ulimo wewe, na madereva hawana jina zuri la kuiita. Likielekea mbele na nyuma, itabingirika kwenye njia ya mwenzako. Ya kwangu siku ile ilikuwa hii ya mwisho. Kwa hiyo minyororo inapita ndani ya tundu kwa kukingamana, mmoja kutoka mbele kushoto kwenda nyuma kulia, mwingine kinyume chake, na mwingine juu kukatiza, halafu ile ya nyongeza ya kampuni. Panapogusa ukingo wa chuma unaweka kinga, la sivyo ukingo utakatika au mnyororo utaumia. Unakaza kwa racheti, ule mkono unavuta mpaka mnyororo ukigongwa haulegei tena. Unazunguka gari. Unakaza tena. Ukitoka hapo, ndani ya maili 50 za kwanza unasimama na kukagua upya, na utakuta mnyororo mmoja umelegea kidogo kwa sababu mbao zimejikalia. Kisha unakagua kila maili 150 au kila saa tatu, lipi litangulie. Sheria ndivyo isemavyo, na kwenye koili hata mvivu kuliko wote anaitii.

Turubai ni habari nyingine. Hapa ndipo kazi inapopoteza watu. Turubai la mbao ni lile kubwa, lenye pindo la futi nane linaloshuka kila upande mpaka karibu na sakafu, na uzito wake ni kama mfuko wa saruji ukiwa kavu. Likilowa au kuganda barafu, usiulize. Mzigo mmoja unataka mawili, wakati mwingine na la tatu dogo. Ukibahatika, mtu wa foklifti atakupandishia juu. Usipobahatika, unalibeba begani, ngazini.

Juu ya mabunda ya mbao uko futi kumi na tatu kutoka ardhini. Unalikunjua la nyuma kwanza, la mbele linafuata likilalia lile la nyuma, ili upepo wa mwendo usiingie kwenye mshono. Upepo wa uwanjani ndiyo wa kuuogopa. Iowa mwezi wa tatu, nimesimama juu ya mzigo, nimekunjua nusu, upepo ukaingia chini ya pindo na turubai likajaa. Mkufunzi wangu alikuwa akinitazama kutoka chini, mzee wa Alabama, mtu wa maneno machache. Akapaza sauti neno moja: achia. Nikaachia. Turubai likaruka likaenda kulala kwenye uzio wa kiwanda, likakunjamana huko. Akaniambia turubai kampuni inalo jingine. Watu wanaovunjika mgongo kwenye kazi hii wengi wao walikuwa wameshikilia kitu ambacho wangeweza kukiachia.

Likishatulia unashuka, unavuta pindo, unakunja kona za mbele na za nyuma kama unavyofunga zawadi, unaanza kuning'iniza mipira yenye kulabu kwenye pete, kila pete, mstari kwa mstari. Mpira ule unavutwa kwa kuuelekeza mbali na uso, siku zote, kwa maana kulabu ikiponyoka inarudi ilikotoka. Mikanda inayopita juu unaipa msokoto mmoja kabla ya kuikaza, bila hivyo itavuma kwenye upepo maili zote mpaka ikajikata. Mtaimbo wa winchi, ule wa kukazia mikanda, nao usisimame juu yake wala mbele yake. Ukikaza, mwili uwe pembeni, na vidole vya mkono visifunge kabisa. Shule hawakuambii kwa nini, uwanjani wanakuonyesha meno ya mtu.

Mtu aliyezoea anafunika mzigo wa mbao kwa saa moja hivi. Mgeni anamaliza nusu ya siku. Hapo ndipo hesabu ya pesa inapoingia, na hapo ndipo nakubaliana na kona ya harusini.

Sheria ya saa inasema hivi: baada ya kupumzika saa kumi mfululizo, una dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, na ndani yake saa 11 tu za kuendesha. Ukiendesha jumla ya saa nane lazima upumzike nusu saa. Ndani ya siku nane usizidishe saa 70 za kazi. Mashine ya kielektroniki ndiyo inayohesabu, haina undugu. Sasa kampuni inakulipa kwa maili. Umefika kiwandani saa kumi na mbili asubuhi, umepakiwa saa nne, umemaliza kufunga na kufunika saa sita mchana. Saa sita za dirisha lako zimekwenda, na gurudumu halijazunguka hata mara moja. Kuna malipo ya turubai, kiasi maalum kwa kila mzigo uliofunikwa. Kuna malipo ya kusubiri, ila kwa desturi yanaanza baada ya saa mbili, na kuyapata kunataka ujumbe, saa zilizoandikwa, na uvumilivu wa kumuuliza disipacha mara ya pili na ya tatu. Malipo ya muda wa ziada usiyategemee. Sheria ya taifa ya mwaka 1938 iliyoweka malipo hayo imewaacha nje madereva wa malori yanayovuka majimbo, mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akikuambia flatibedi inalipa senti nyingi kwa maili kuliko boksi, anasema kweli, na amekuficha nusu ya hesabu. Gawanya mshahara wa wiki kwa saa zote ulizokuwa kazini, ukiwa umevaa buti, halafu ndiyo tuzungumze. Miezi ya mwanzo matokeo hayo yatakukera. Yatapanda kadiri mikono inavyozoea, kwa sababu anayefunika kwa saa moja anaendesha saa tano zaidi ya anayefunika kwa saa sita. Kwenye boksi hakuna ujanja wa namna hiyo. Mkongwe na mgeni wanasubiri mlango uleule.

Kampuni ina mengine ya kuudhi. Lori limefungwa kasi, utapitwa na kila mtu. Kuna kamera inayotazama barabara, na kwa baadhi ya kampuni kuna kamera ya pili inayokutazama wewe. Mimi mwezi wa kwanza nilikuwa naipa shikamoo kila asubuhi. Disipacha wako ana madereva wengi, na jina lako hatalitamka sawa hata mkikaa miaka. Jambo moja la flatibedi linafidia: viwanda vingi na maeneo ya ujenzi hufungwa wikiendi, kwa hiyo kuna kampuni kubwa za chuma na mbao zinazowarudisha madereva nyumbani Jumamosi na Jumapili. Kwa mwenye familia hilo lina uzito kuliko senti mbili za maili. Uliza kabla ya kusaini, na uliza dereva, usimuulize anayeajiri.

Kiingereza. Zamani hili lilikuwa halina mjadala mkubwa, sasa lina. Kanuni kwamba dereva aweze kuongea na kusoma Kiingereza cha kutosha ipo kitambo, ila kwa miaka kadhaa mtu asiyeitimiza hakuwa anasimamishwa barabarani. Tarehe 28 Aprili 2025 rais Trump alisaini amri ya kuirudishia makali, na tangu Juni 25 mwaka huo ukishindwa unaambiwa egesha, huendeshi tena. Mkaguzi anaanza na mazungumzo, bila mkalimani na bila simu ya kutafsiri. Kisha anaweza kukuonyesha alama za barabarani uzieleze. Ndugu zetu waliokuja kwa ukimbizi kutoka Kongo, waliosoma Kifaransa na Kiswahili, hili linawagusa kuliko sisi tuliosoma sekondari kwa Kiingereza. Lafudhi haina shida. Shida ni kukaa kimya ukiogopa kukosea. Fanyeni mazoezi ya maswali yenyewe kwa sauti, mkiwa wawili sebuleni: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeanza kazi saa ngapi leo, nionyeshe karatasi za mzigo. Wa flatibedi ongeza: mzigo una uzito gani, una minyororo mingapi, uwezo wake ni upi. Anayeweza kueleza mzigo wake kwa ufasaha huo, mkaguzi humwachia mapema.

Mwili nao. Magoti, bega la kulia, na kiuno. Nilimwona mkufunzi wangu akishuka kwenye tela siku zote kwa kugeuka, mikono miwili na mguu mmoja vimeshika, mtu mwenye miaka kazini ambaye angeweza kuruka. Nikamuiga na mpaka leo siruki. Barafu ikiwa juu ya mbao usipande, piga simu useme hupandi. Kampuni kubwa zina sera inayokulinda ukisema hivyo, na itumie bila aibu. Kula yako pia: chipsi na soda za vituo vya mafuta zitakumaliza kabla ya turubai. Wengi wetu tunapika ndani ya lori, jiko dogo la umeme, maharage na wali wa siku tatu. Harufu ya samaki ikimsumbua dereva wa jirani pale maegeshoni, atahama yeye.

Ukimaliza mwaka mmoja na rekodi safi, simu zitaanza kuita. Hapo ndipo jamaa mwenye malori matatu atakapokutaka, na hapo utakuwa na cha kujadiliana naye. Kuna wanaohamia tela la ngazi, lile ambalo sakafu yake imeshuka kwa nyuma, linalobeba mashine zenye kimo kirefu, kuna wanaohamia tela lenye paa la turubai la kuvuta kwa reli, wakaagana na ngazi kabisa. Kuna waliorudi kwenye boksi, wakasema imetosha, na siwalaumu. Mimi bado niko kwenye chuma. Chuma kinapakiwa haraka, turubai lake ni dogo, na Jumamosi niko nyumbani.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Usijiandikishe ukaanza na mkufunzi mwezi wa Januari, kama una hiari. Omba uingie mwezi wa tatu au wa nne. Mizigo ya mbao na vigae inaanza kuongezeka kwa sababu ujenzi unaamka, kwa hiyo utafunika sana na kuzoea haraka, na utakuwa na majira yote ya joto ya kujifunza kwa vidole visivyoganda. Baridi ikifika mikono itakuwa inajua la kufanya. Nunua glavu mbili, moja ya kufungia na moja ya kuendeshea, na ile ya kufungia isiwe ya bei rahisi.